Shamba Lililouzidi Mstari

Venant alifika kwenye benchi la Kirumba, jirani na uwanja wa mpira, mfuko wa urea ukiwa begani. Akautua kando ya birika la Projest, muuza kahawa, na kutangaza kwamba mahindi yake ya Kisesa hayataki mbolea tena. Jirani yake wa shamba, Prudencia, alikuwa njiani kuja kuuchukua mfuko bure.

Waliokaa benchini wakamtaka aeleze. Bwana shamba alimwazima kifaa cha mkononi kinachomulika majani kutoka juu na kusoma ukijani wake, maana mahindi yenye njaa ya naitrojeni hupauka. Venant alikuwa ameweka mbolea ya kutosha kwenye mstari mmoja tu. Akaupima, kisha akapima shamba lililobaki. Likilingana na mstari, basi limeshiba.

— Likasomaje? aliuliza Ngosha, aitwaye Daktari kwa sababu aliwahi kulinda lango la hospitali.

— Limeuzidi mstari.

Daktari hakushangaa. Pale palikuwa zizi la babu yake Venant, na mkojo wa ng'ombe, alisema, hauna tarehe ya kuisha. Antoni, yaani Refa, akapinga: ni upepo wa ziwa, unaobeba shombo la dagaa wa soko la Mwaloni na kulimwaga Kisesa. Projest aliwasikiliza akimimina, akaona wote hawajafika.

— Mahindi yana wivu. Yameona wenzao wa mstarini wanalishwa, yakajitutumua.

Venant alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Moyoni alishaona magunia yamejaa sebuleni.

Prudencia akashuka kwenye bodaboda na kuwaamkia. Daktari akaitikia marahaba kwa niaba ya benchi zima. Kabla ya kuugusa mfuko, Prudencia aliuliza:

— Kaka Venant, huo mstari mliupalilia?

— Mke wangu Gladness aliupalilia, ndipo nikaweka mbolea.

— Na shamba lililobaki?

Venant akamtazama Refa. Refa akatazama uwanja. Daktari alitaka kurudi kwenye hoja ya zizi, Projest akamjazia kikombe ili anyamaze. Venant aliliona shamba lake sasa: katikati ya mahindi magugu yamesimama, mabichi, yamenona, na yeye anapita juu yake akimulika kwa furaha, kifaa kikiusoma ukijani wa magugu kama wa mahindi.

Prudencia akausukuma mfuko kwa mguu, ukarudi upande wa Venant.

— Twende, kaka. Majembe ninayo mawili.