Mpaka Tupite Sokoni

Basi lilipokata kona, fundi bomba alimgeukia mshonaji aliyekaa naye, mtu asiyemjua hata kwa sura. "Dada, samahani, niongeleshe mpaka tupite Sokoni. Nimetibiwa, nimeacha unga, na waliokuwa wananiuzia wako pale kituoni. Shemeji hunipigia simu tukifika hapo, ila leo simu imezima."

"Haya," mshonaji akasema. "Wifi yangu kaleta kitambaa cha sketi, anataka gauni. Tena eti kiuno nikibane, kiuno chenyewe tunakitafuta kwa tochi!"

Basi likasimama Sokoni. Mluzi aliouzoea ukapigwa dirishani. Fundi hakugeuka, alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Basi likaondoka.

"Mama, si ulisema unashuka Sokoni?" konda akauliza.

"Niache, sijamaliza habari za wifi."