Nevesta, Asiyejulikana

Ndani ya basi la kwenda mji wa Bardejov, Jolana alijifanya anatazama dirishani, kumbe masikio yake yako kiti cha mbele. Mjane kijana alikuwa akimweleza bibi mmoja asiyejuana naye kwamba mama mkwe anamtaka ahame, maana mumewe keshazikwa.

"Mwanangu, kwa lugha yetu mkaza mwana tunamwita nevesta," alisema bibi. "Wazee wanasema maana yake asiyejulikana. Mgeni ni mgeni tu."

"Bibi, nimemuuguza mwanawe mpaka akanifia mikononi. Kama bado hanijui, basi hataki kunijua."

"Neno hilo limekutangulia kuzaliwa."

"Limetangulia, lakini halinihamishi."

Jolana, naye ana mama mkwe, akasahau kujifanya.

Basi likasimama. Mjane akashuka, akaliendea lango la mama mkwe, funguo mkononi.