Kura Iliyomwangusha Mama Kamati

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Mkurugenzi wetu wa Mikataba katika Wizara ya Mambo ya Nje anakabidhi funguo, kitambulisho na ile birika ya umeme ambayo mhasibu amekuwa akiiulizia tangu mwaka juzi. Anastaafu akiwa mzima wa afya, na sauti ileile inayomfanya mtu ajikute amesimama wima hata anapoongea naye kwa simu.

Wengi wetu tunamwita Mama Kamati. Jina alipewa na madereva, kwa kuwa ukimwomba lolote, hata ruhusa ya kuondoka mapema, jibu lake ni moja: "Tuipeleke kwenye kamati." Mumewe, daktari wa mifugo, anathibitisha kwamba nyumbani mambo ni hayohayo. Rangi ya geti lao ilipigiwa kura na familia nzima. Mama alitaka kijivu, watoto wakaungana na baba yao wakataka rangi ya chungwa. Geti hadi leo ni la chungwa. Halipendi hata kidogo, na kila likichuja yeye mwenyewe ndiye anayelipaka upya rangi ileile. Mgeni akicheka huambiwa, "Nilishindwa kura, mwanangu. Pita ndani."

Nami nilikuwa nikicheka, mpaka mwaka wa mkataba wa mto.

Alikuja wizarani akitokea Bungeni, alikokuwa katibu wa kamati, akikaa nyuma ya wabunge na kuwatazama mawaziri wakitoka jasho. Sisi wengine tulijifunza kujadiliana kwenye semina zenye vitafunwa. Yeye alijifunza pale.

Mwaka huo jirani yetu wa upande wa juu wa mto alikuwa anajenga bwawa. Kiangazi kilichotangulia, mabomba ya mji wetu wa mpakani yalikuwa yakikohoa tope, na hospitali ya mji ilifanya upasuaji siku zile tu ambazo maji yalipatikana. Baada ya majadiliano marefu tukapata rasimu: bwawa lijengwe, na kila kiangazi watuachie maji ya kutosha. Waziri alitaka itiwe saini wiki hiyohiyo. Mama akasema hatasaini mpaka ipite kwenye Kamati ya Bunge, milango wazi, redio ndani, kama sheria inavyotaka. Sheria yenyewe ilikuwa imelala miaka mingi hata tukasahau kwamba iko hai.

Chumba cha kamati kina feni inayolalamika, kipaza sauti kinachopiga mluzi, na kiti cha mhojiwa chenye mguu mmoja mfupi. Nilikaa nyuma ya Mama na mafaili mapajani, kazi yangu ikiwa kuonekana kama mtu aliyeyasoma. Aliyemweka Mama kiti moto alikuwa mbunge wa upinzani tunayemwita Mwiba, mwalimu wa hesabu wa zamani.

"Mama, hayo maji ya kutosha atayapima nani?"

Mama akaipitia rasimu. "Wao."

"Kwa hiyo wakituletea kikombe wakasema ni pipa, sisi tunashukuru?"

Chumba kikaangua kicheko, na redioni nchi nzima ikasikia. Rasimu ikaanguka kwa tofauti ya kura mbili.

Waziri alifoka kwamba tumevuliwa nguo mbele ya majirani. Kantini, watu walianza kukumbuka kwamba meza ya Mama ina upepo mkali. Mimi niliona tumekwisha. Utarudije kumdai mtu zaidi ya ulichokwisha kubali, tena amekusikia ukizomewa kwenu? Jirani angeweza kuondoka mezani, bwawa likaendelea kupanda, na mji ule ukabaki na tope lake.

Mama akaomba kurudi mezani. Na akamwomba Mwiba afuatane naye.

Mkuu wa ujumbe wa jirani alikuwa jenerali mstaafu, mtu mpole, kutoka nchi ambayo wakati ule neno lilikuwa la mtu mmoja. Alivitazama viti vyetu, akamkazia macho Mwiba, ambaye sauti yake aliijua redioni.

"Dada yangu, umemleta adui yako mezani?"

"Si adui, kaka. Ni mpinzani. Tunamlipa mshahara."

"Tena mdogo," Mwiba akadakia.

Jenerali alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akauliza, safari hii bila kicheko, kama ile kura ilikuwa ya kweli au ni mchezo wa kumtisha yeye.

"Ingekuwa ya kupangwa, kaka, si ningejipangia kushinda?"

Jenerali akavaa tena miwani yake. Aliponena, alinena taratibu, kama anayezungumza peke yake. "Mimi nikikwambia haiwezekani, unajua kuna simu moja tu ya kuiwezesha, na utanibana mpaka niipige. Wewe ukisema haiwezekani, mimi nimpigie nani? Nchi nzima?"

Nywele zilinisimama, hizi chache nilizobaki nazo. Mwanamke aliyeangushwa kwao hadharani ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote mle chumbani, na nguvu hiyo alikuwa amepewa na kule kuangushwa. Semina zote nilizohudhuria, na vitafunwa vyake, hazikuwahi kunionyesha kitu cha namna ile.

Tulitoka na nguzo za kupimia kina cha maji kwenye kingo zote mbili, zisomwe na wapimaji wa pande zote kwa pamoja, na kipimo kiandikwe kila asubuhi kwenye ubao ambao mpita njia yeyote anaweza kuusoma. Kamati ikapitisha. Mabomba ya mji ule yanatoa maji mpaka leo. Mwaka mmoja kipimo kiliposhuka, wa kwanza kupiga simu wizarani alikuwa fundi baiskeli, akitaka kujua tunalipwa kwa kazi gani. Mama alimjibu kwa heshima ileile aliyompa jenerali.

Tangu hapo kila ofisa mpya alitumwa kwanza akaketi kwenye vikao vya kamati. "Ukiweza kumjibu Mwiba," alikuwa akisema, "hakuna balozi atakayekutoa jasho." Leo tuna wajumbe wanaoheshimiwa kwenye meza ambazo zamani tulikuwa tunaenda kunywa chai tu.

Ofisi yake yenye dirisha zuri naichukua mimi. Pamoja nayo nimerithi rasimu ya mkataba wa reli, na Jumanne naipeleka kamatini, kwenye kiti kilekile chenye mguu mfupi. Mwiba sasa ndiye mwenyekiti. Mama ameshaomba nafasi upande wa wageni. "Kuanzia mwezi ujao mimi ni mwananchi wa kawaida," ameniambia. "Kwa hiyo ni bosi wako."

Asante, Mama Kamati. Ukapumzike kwa raha nyuma ya geti lako la chungwa, na siku zako ziwe nyingi na njema. Jumanne nikiangushwa, usinionee huruma. Nitakuwa ndiyo kwanza nimepata kitu cha kwenda nacho mezani.