Mashine Nzito ya Mwalimu Kalinga

Mimi siko kijiweni, naomba hilo lieleweke mapema. Mimi nauza parachichi hapa sokoni Mwanjelwa miaka kumi na moja sasa, na kijiwe ndicho kilichonifuata. Alianza Zubery na birika lake la kahawa na benchi la mbao. Huyo ana ugonjwa wa methali: anazijua zote, ila hajui hata moja inakaa wapi, ndiyo maana tunamwita Wahenga. Akafuata Timotheo, tunayemwita Injinia kwa sababu mwaka fulani aliwashikia tochi mafundi wa umeme, basi hajapona tena. Wa mwisho ni Lusekelo, fundi wa kompyuta, kibanda chake kimegusana na meza yangu. Jina lake la mtaani ni Fomati, maana hata ukimpelekea kikokotoo atakwambia dawa yake ni kufomati. Kuanzia asubuhi wanabishana kichwani kwangu, na wateja wangu wanadhani mimi ni mmoja wao. Alhamisi ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati, wanaume wamejikunyata na vikombe vyao, ndipo Mwalimu Kalinga akatokea amekumbatia kompyuta.

Mwalimu ni Mhehe wa Iringa. Alikuja Mbeya kufundisha, akastaafu hapa hapa, na hapa hapa akamzika mkewe Evarista mwaka juzi. Evarista alikuwa mwalimu wa kwaya na rafiki yangu. Tangu aondoke, mzee anaishi peke yake kwenye ile nyumba.

— Shikamoo, Mwalimu.

— Marahaba, Tumpe. Fomati yupo?

— Nipo, mzee wangu, Fomati akajibu kutoka ndani. Inasumbua nini?

— Nzito. Nikiiwasha, nasonga ugali, nakula, naosha sufuria, ndiyo kwanza inafunguka. Wajukuu wanakuja likizo, Jumamosi. Mara ya mwisho walikaa siku mbili tu, wakampigia mama yao simu kwamba kwa babu hakuna kitu. Safari hii nataka wakae.

Alilisema lile la mwisho anaangalia viatu vyake. Niliumia, jamani. Mtu mzima kuomba mashine imsaidie kupendwa.

Fomati akaiweka kwenye benchi, akafungua ubavu wake, akapuliza. Vumbi likatoka, na mende wawili, wakaelekea kwenye parachichi zangu.

— Hiyo ni baridi, akasema Injinia. Kompyuta ina oili ndani, kama lori. Hapa kwetu oili inaganda. Ipeleke Chimala kwenye joto, itafunguka yenyewe bila fundi.

— Kompyuta haina oili, Injinia, Fomati akasema.

— Hizi za kwenu za plastiki hazina. Za zamani zilikuwa nayo.

Wahenga akamimina kahawa, akanyanyua kidole.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Mtoto gani tena? nikamuuliza.

— Si hiyo kompyuta! Imelelewa na walimu wawili. Wewe umewahi kuona mwalimu mstaafu ana haraka?

Mwalimu akacheka. Fomati akachomeka kioo, kibodi na spika, akawasha. Kweli ilikuwa nzito. Wanaume walimaliza vikombe viwili, mimi nikauza debe zima kwa mama wa hotelini, ndipo picha ikatokea. Fomati akabofyabofya, akakunja uso.

— Mzee, diski imejaa pomoni. Kuna kitu humu kinajiwasha chenyewe kila ukiwasha mashine, kinarekodi sauti mpaka uzime. Mafaili mia tisa na kitu. Hiki ndicho kinachoila.

— Hiyo kazi ya Evarista, Mwalimu akasema.

Mimi nilijua habari zake. Kwaya ilikuwa inafanyia mazoezi sebuleni kwao. Evarista akatundika kipaza sauti kidogo kwenye pazia, na kwa kuwa kila mara alikuwa anasahau kubonyeza, akaweka mpango kikawa kinajiwasha chenyewe. Mazoezi yakiisha anawasikilizisha makosa yao, watu wazima wanaona aibu kama wanafunzi waliokamatwa wakiibia mtihani.

— Basi dawa ndogo, Fomati akasema. Sauti zote nakuhamishia kwenye flashi, usiwe na wasiwasi. Hiki kinachorekodi nakiondoa. Nasafisha, naongeza ramu. Itaruka yenyewe.

— Fanya hivyo, Mwalimu akasema. Niwekee na michezo ya watoto.

Ili kujaribu spika, Fomati akabofya faili moja la juu. Sauti ikatoka pale pale benchini, safi kabisa:

«Besi! Besi mmelala! Fanueli, toa mikono mfukoni, huimbi kwa mfuko!»

Nilicheka. Halafu nikaona nalia. Miaka miwili sijaisikia ile sauti, na ilikuja bila hodi, katikati ya kelele za makonda. Injinia akavua kofia. Mwalimu alikuwa ameketi, mikono magotini.

— Lakini, mzee, Fomati akasema polepole, mama alifariki lini?

— Mwezi wa tano, mwaka juzi.

— Mengi ya haya ni ya baada ya hapo. Kila siku faili moja. La mwisho ni la jana.

— Ni mimi, Mwalimu akasema. Yeye alikuwa anaiwasha saa kumi jioni. Nami naiwasha saa kumi. Niliona nikiacha, sebule inakuwa ya mtu mwingine. Sikujua kama inasikiliza.

— Saa ya mashine yenyewe inaweza kuwa inadanganya, Injinia akarukia. Betri yake ikifa, tarehe zinakuwa za kubahatisha. Bofya hilo la jana tuone.

Nilitaka kumwambia Fomati aache, mambo ya nyumba ya mtu hayasikilizwi sokoni. Lakini udaku ni udaku, na mimi siyo malaika. Akabofya.

Kwanza mvua ya mawe kwenye bati. Ile ya jana, wote tuliijua, ilinitobolea mwavuli. Kwa hiyo tarehe ilikuwa ya kweli. Mvua ikapungua, ikabaki michirizi. Halafu sauti ya Mwalimu, karibu:

«Leo Zubery kaharibu methali nyingine.»

Kimya kidogo.

«Ile ya mgema.»

Kimya tena. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyejibiwa.

«Ehe. Na mimi nilimwambia hivyo hivyo.»

Pale benchini hakuna aliyemwangalia mwenzake. Wahenga alikuwa anafuta kikombe kilichokwisha kuwa kikavu.

— Naongea peke yangu, Mwalimu akasema. Uzee huo. Mnisamehe.

— Hapana, mzee, hata mimi naongea na bodaboda yangu, Fomati akasema, na kidole chake kilikuwa kinaenda kuzima.

— Acha iendelee, Mwalimu akamwambia.

Ikaendelea. Mlango ukalia, hatua zikaenda mbali. Michirizi tu. Kimya kirefu. Halafu kutoka mbali sana, kama mtu aliye nyuma ya nyumba, sauti ya Mwalimu ikaitika kwa nguvu:

«Naam! Niko uani! Nakuja, nakuja!»

Fomati akasimamisha.

— Nani alikuita?

Sote tulikuwa tumesikiliza. Hakuna aliyeita. 

— Kuitwa sikumbuki, Mwalimu akasema. Kuitika nakumbuka.

Mwe! Nikajifunga khanga vizuri. Lakini mpe Injinia sekunde tatu za kimya, atazijaza.

— Ni ule waya wa kwenye pazia. Waya mrefu ni antena. Kuna mwanamke huko Ruaha Mbuyuni yuko shambani kwenye vitunguu, anamwita mumewe kwa simu. Sauti inapita hewani, inanaswa na waya, Mwalimu anasikia anaitika. Sayansi hiyo.

— Sasa mbona sauti ya huyo mwanamke haimo humu?

— Ilikuwa inapita, Tumpe. Sauti haikai.

— Acha zako, Wahenga akasema. Babu yangu aliyetoka Kilwa alikuwa anasema kuna viumbe vinapenda nyumba iliyotulia. Havina ubaya. Vinakaa tu na wewe. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Methali ile, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ilikaa karibu na mahali pake. Hatukuipenda. Hata mwenyewe aliona, akanywa kahawa ya mteja.

Injinia akasogea mbele, macho yamemtoka.

— Subirini, nimepata. Mashine ikikaa na mtu miaka mingi inajifunza sauti yake. Mia tisa hizo, mnadhani inazitunza za nini? Inajifunza! Aliyeitika hapo siyo Mwalimu. Ni mashine. Iliitwa, ikaitika kwa sauti yake.

— Iliitwa na nani sasa? nikamuuliza.

— Hapo ndipo utafiti wangu ulipoishia.

— Na mimi ninayekumbuka kuitika? Mwalimu akauliza kwa upole wa darasani.

 Injinia akamwambia Fomati arudishe nyuma kidogo, asikilize vizuri kama sauti ina mlio wa bati, wa mashine, ndani yake. Fomati akarudisha. Wakainamisha vichwa wote watatu kwenye spika, wanabishana kwa kunong'ona: ni binadamu, siyo binadamu, rudisha tena. Walirudisha kama mara nne, na kila mara ilikuwa ni lile moja tu, «Naam! Niko uani!», mpaka mimi nikawa nageuza uso upande wa barabara.

Ndipo akaja binti mmoja amevaa hijabu ya kijani, mgeni machoni petu. Baadaye nilikuja kujua anaitwa Nusrat, amehamia nyuma ya soko. Alikuwa anataka chaja. Akasalimia, akasimama anasubiri wamalize, na sauti ikapita tena. Akatabasamu, akamgeukia Mwalimu.

— Shikamoo, babu. Huyo mwenye sauti si ni wewe?

— Marahaba. Ni mimi.

— Uko mbali huko, unapiga kelele. Sasa huyu wa hapa karibu anayekoroga chai ni bibi?



— Anayekoroga nini? Fomati akauliza.

— Chai. Si kijiko hicho kinagonga kikombe? Hamsikii?

Fomati akarudisha. Sisi wote tulikuwa tunaitafuta ile sauti ya mbali, tukaacha kusikiliza ya karibu. Ilikuwepo. Kijiko ndani ya kikombe, taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, karibu kabisa na kipaza sauti. «Naam! Niko uani!» ikapita huko nje, na kijiko hakikusimama. Kikamaliza kukoroga. Kikagongwa mara mbili ukingoni, kama mtu anavyodondosha tone la mwisho. Kikalazwa kwenye kisosi.

Nusrat akatuangalia mmoja mmoja, tabasamu likamwisha.

— Nimesema vibaya?

— Hapana, mwanangu, Mwalimu akasema. Umesema vizuri.

Akainuka. Nilimwangalia usoni kwa sababu nilitegemea kumwona anaogopa, nikajiandaa kumshika mkono. Hakuwa anaogopa. Mzee alikuwa ameng'aa, sijamwona hivyo tangu kabla ya msiba. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kijiko.

— Fomati, ukiondoa hicho kinachorekodi, kesho kitasikia tena?

— Hapana, mzee. Kikitoka kimetoka.

— Basi usiondoe. Usiongeze kitu, usipunguze. Funga ilivyokuwa.

— Itaendelea kuwa nzito, mzee.

— Iwe nzito.

Fomati akafunga skrubu mbili tu kati ya nne. Siku nyingine yoyote Mwalimu akija na mzigo tunagombania kumbebea. Injinia huwa wa kwanza, maana anapenda kukaribishwa ndani. Siku ile Injinia alikuwa anatafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwepo. Wahenga alikuwa na birika. Na mimi, mimi Tumpe niliyemlisha Evarista uji wake wa mwisho kwa mkono wangu, nilishika parachichi nikawa nalifuta, na nilijionea aibu wakati ule ule nalifuta. Mzee akaikumbatia mashine yake mwenyewe, akaanza kwenda.

Nikajikaza nikamwita.

— Mwalimu! Na wajukuu? Si wanakuja Jumamosi?

Akasimama. Nikaona lile neno linamgusa, maana alikuwa amewasubiri wale watoto tangu likizo iliyopita. Akainamia mashine, akaipangusa vumbi kwa kidevu kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa.

— Nitampigia Frida, mama yao, akasema. Wasije kwanza. Nyumba ina mtu.

Akavuka barabara, ukungu ukamfunika kabla hajafika upande wa pili. Nusrat akauliza kama chaja zipo, Fomati akamwambia arudi kesho. Injinia akasukuma kikombe chake mbele aongezewe. Wahenga akasema kahawa imekwisha, akaanza kukunja vitu vyake, na wakati analinyanyua birika nililiona limejaa mpaka mdomoni.