Mpiko wa Jefwa na Kahindi

Leo Jumamosi, tarehe 28 Machi 1914, Mzee Jefwa anaiweka chini kazi aliyoishika miaka kumi na miwili katika nyumba yetu ya wagonjwa wa akili hapa Malindi. Nimeombwa niandike mimi, Dena mpishi, maana humu ndani aliyefika Adeni na Bombei ni mimi peke yangu, na shule nilikaribia kuumaliza mwaka wa kwanza. Nikikosea herufi mnisamehe. Kwenye sifa sikosei.

Alitujia akiwa mpagazi aliyechoshwa na misafara, akapewa kuwalinda wagonjwa na kuteka maji. Siku zile wenye kusikia sauti walikaa ndani kutwa, na mwenye kupiga kelele alitiwa mnyororo mguuni. Kahindi, mtu wa Ganze, alikuwa wa kwanza kufungwa na wa mwisho kufunguliwa. Wako watu tusiowaona sisi, humtukana kichwani tangu alfajiri, naye huwajibu.

Ndipo punda wa maji akafa. Jefwa, ambaye kwa uvivu hana mwenziwe pwani hii (yupo hapa, na akatae), akaona pipa lile halibebi peke yake. Akamfungua Kahindi, akamtwika ncha ya nyuma ya mpiko, yaani ule mti wa begani, pipa likaning'inia katikati, wakashika njia ya kisimani. Sisi mashujaa tulijifungia jikoni tukimwombea marehemu Jefwa. Wakarudi na maji. Kahindi akala sahani mbili za sima, akalala usingizi wa mtu aliyelima.

Ikawa desturi ya kila asubuhi, na wagonjwa wengine wakadai mipiko yao. Sauti hazikuhama, tusidanganyane. Ila Kahindi husema akitembea na mzigo zinabaki nyuma, zinamfuata zikihema. Bwana daktari aliupenda mwendo ule, akaamuru minyororo iwekwe stoo, kwa sharti kwamba kila mgonjwa awe na mtumishi wa kumshikia ncha ya pili. Asiye na mwenziwe hatoki. Akichafukwa kwa kukaa ndani, basi, minyororo iko stoo, haijatupwa.

Sasa goti la Jefwa limegoma, anakwenda Ganda kulima mihogo. Tunamchekea kwa meno tu. Wagonjwa wengine wamepata wenzao, Kahindi bado. Watumishi watatu wamejaribu, na kila mmoja Kahindi alimgomea, akaketi chini palepale langoni. Juzi nikajitokeza mimi, mwanamume wa bahari mbili. Tukafika nusu ya njia! Ndiyo kwanza naanza habari za ngamia wa Adeni, Kahindi akatua pipa.

"Bwana Dena," akasema, "hawa wa kichwani wananitosha. Na wewe umetokea wapi?"

Akageuka akarudi zake. Tangu siku hiyo nyumba nzima inaniita Wa Kichwani.

Nikamwendea Jefwa anipe siri. "Siri gani?" akanijibu. "Mimi napumua tu. Wewe huwezi, mdomo wako hauna likizo." Ni kweli. Mtu huyu ambaye jikoni hugombea ukoko mpaka mtaa wa pili wakasikia, akishika mpiko hatoi neno. Husikiliza miguu ya aliye nyuma yake. Ikizubaa hupunguza, ikikaza naye hukaza.

Ahsante, Mzee Jefwa, kwa maji niliyopikia miaka yote hii, na kwa watu uliowafundisha tena kuchoka kwa kazi badala ya kuchoka kwa kilio.

Daktari amenipa asubuhi ya kesho iwe jaribio la mwisho la kushika mpiko na Kahindi. Nenda salama, kaka. Mihogo ikuzalie, goti likuonee huruma, wajukuu wakuamkie shikamoo hata kabla hujatoka ndani. Tunakutakia uzee mtamu sote, na Kahindi pia, yule aliyesimama mlangoni akiutazama mpiko wako.

Nimesema mengi leo, mmenivumilia. Niacheni niyamalize yote, maana kesho, kutoka langoni hadi kisimani na kurudi, Dena hana la kusema.