Tunaomba Ijumaa Yetu Itambuliwe

Mgeni rasmi, Baba Askofu Mutai, Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana mara ya kwanza mwenzetu Mwaura alikuwa bado anatafuna.

MAKARIBISHO
Sisi watu wa Darasa la Doha tumefurahi hadi kupanga viti kumetushinda. Askofu mzima, hapa Mesaimeer, huku Qatar! Karibu sana. Nguo zetu hazina urembo, ila tumezipiga pasi mpaka zinang'aa. Hilo katiba ya kanisa haikukataza.

TULIKOTOKA
Kanisa letu la Methodisti wa Utakatifu lilijitenga na Wamethodisti wenzetu, wazee wetu walipoona hereni zimeongezeka na machozi ya toba yamepungua. Wakapanga hivi: watu wachache wawe darasa chini ya kiongozi, madarasa yafanye ushirika, ushirika kadhaa ufanye sakiti, yaani jimbo dogo, na juu kabisa konferensi yako, mkutano mkuu unaoamua yote. Hapa Doha tulianzia chumbani kwa Kerubo, Al Rayyan. Jirani alikuwa akilala mchana baada ya zamu, basi tuliimba kwa kunong'ona. Aliyezidiwa na furaha aliuma mto.

TULIPOFIKA
Leo chumba kimejaa! Kiongozi wetu, Dada Peninah, muuguzi, amefaulu mitihani yote ya kuwa mhubiri. Hata Douglas dereva ameacha sigara, ingawa bado anakohoa kwa kumbukumbu.

KINACHOTUSUMBUA
Katiba inasema mhubiri asifanye kazi Jumapili. Huku Jumapili ni siku ya kazi, tunapumzika Ijumaa. Kwa hiyo Peninah amenyimwa leseni ya kuhubiri, nasi, kwa kuwa ushirika lazima uwe na mhubiri mwenye leseni, tumebaki darasa la majaribio, bila sauti kwenye konferensi. Akikataa zamu atafutwa kazi, arudishwe nyumbani, tubaki yatima.

Baba, wewe mwenyewe ulitua Jumapili. Douglas akakuchukua kwa gari, Pamela akakupikia. Ukasema, "Mama Pamela, ongeza mchuzi kidogo." Hatukukuona ukikataa. Tulipoandika haya, Pamela alimsihi bibi yetu aliyeshika kalamu, "Shosho, hapo futa, tafadhali!" Tumepaacha.

OMBI
Ni moja tu. Ijumaa yetu ihesabiwe Siku ya Bwana, na Peninah apewe leseni. Anaingia zamu saa sita usiku, Ijumaa hii ikiisha, na basi la hospitali halingoji konferensi. Tunaomba umwite mbele sasa hivi, umwekee mkono kichwani, kabla hajaondoka. Mahubiri ya Ijumaa ijayo tumeshampangia.

Mungu akuzidishie miaka, Baba, na moyo mwepesi wa kusema ndiyo.

Ni sisi,
Ushirika wa Methodisti wa Utakatifu, Doha.
(Neno "Darasa" tumeliondoa makusudi.)