Mchwa Kavaa Tai

Usijifanye ulilala, ulikaa nyuma yangu basini na ulisikia. Karani wa ofisi ya ardhi alimuuliza fundi wa kompyuta aliyeketi naye, "Kaka, kesho bosi anaweka toleo jipya la programu ya kuandikia. Hati za zamani zitafunguka?"

"Za miaka ishirini? Hata moja, dada. Si mna karatasi?"

"Tulizichoma tulipomaliza kuziingiza kwenye kompyuta."

Fundi akashika kichwa. "Mmechoma mipaka ya mashamba ya watu? Mwambie bosi aache!"

"Mwambie wewe. Kashazipenda herufi mpya za toleo hilo."

Miaka ile tuliambiwa mchwa wamekula majalada. Leo mchwa kavaa tai. Basi likasimama, wakashuka wakibishana. Shamba la mama yako limo kwenye hati hizo za kompyuta. Kesho saa moja asubuhi uwe mlangoni pa ofisi ya ardhi, na usiondoke bila hati yake iliyochapishwa mkononi.